Kigoda cha Anayekuitia

Nyie vijana wa kidato cha pili mlionizuia mlangoni mwa kanisa mkitaka niwaambie siri ya diskasheni inayofanyika barazani kwangu, haya, kaeni chini. Siri hakuna. Kuna kazi niliyoifanya miaka kumi, kufuma masweta ya shule pale Makambako, na huko ndiko nilikojifunza namna ya kusoma, wakati shule yenyewe nilishaimaliza. Najua limekaa kichwa chini miguu juu. Ndivyo lilivyo.

Najiita mstaafu. Chekeni tu. Nina miaka thelathini na mbili na mtoto wangu wa pili bado ananyonya, lakini bega langu la kulia limestaafu kabla yangu. Ukisukuma mashine ya kufumia kushoto, kulia, kushoto, kulia, tangu asubuhi hadi jioni, kwa baridi hii ya kwetu, iko siku bega linakwambia mama, inatosha, tafuta kazi nyingine. Sasa nauza uzi na vifungo hapa Njombe, Mjimwema, na nimepata muda wa kugombana na watu.

Nianze na hasira, niitue chini tuendelee. Mwaka jana binti yangu Faraja alikuwa darasa la nne. Nilikwenda shuleni kumpelekea sweta alilosahau, nikapita dirishani, nikamwona. Darasa zima limekaa watatu watatu, wanne wanne kwa dawati. Yeye yuko peke yake, pembeni, uso umeelekea ukutani. Ukuta mtupu, wa rangi ya krimu. Mbele yake daftari, na kwenye daftari ameandika tarehe. Basi. Alikaa hapo muhula mzima kabla sijajua, kwa sababu mtoto alidhani ndiyo adhabu ya kuwa yeye, hakuona sababu ya kuja kunisimulia.

Hata sweta nililomletea nikalisahau. Maana ule ukuta naujua. Niliwahi kukalishwa mbele yake, ila wangu ulikuwa stoo.

Sikilizeni. Karakana ya Mzee Mligo ilikuwa nyuma ya soko la Makambako, chumba kirefu chenye mashine zimepangwa mezani zikitazamana. Mashine ya kufumia ina safu ya sindano, na juu ya sindano kuna kitu unachokisukuma huku na huku. Sisi tulikiita gari. Gari likipita mara moja umepata mstari mmoja wa sweta. Ukipotea kwenye hesabu ya mistari, sweta la mtoto wa chekechea linamtosha mjomba wake.

Kwa hiyo tulikuwa tunaitiana. Anayefuma yuko kwenye mashine. Pembeni yake, kwenye kigoda, amekaa mwenzake ana kazi yake mkononi, anashona shingo au anaunganisha mikono ya sweta jingine, huku anaita.

"Umefika kwapa?"

"Nimefika!"

"Punguza sindano pande zote."

"Nimepunguza!"

"Umepunguza kweli au unaniambia nifurahi?"

"Nimepunguza, mama, njoo uone!"

Jibu lazima litoke kwa sauti. Ukijibu kwa kutikisa kichwa, Mama Nyagawa anasimamisha kazi yake anakutazama mpaka uone haya. Huyo ndiye aliyenifundisha. Mama mmoja mwembamba wa upande wa Wanging'ombe, anayeingia asubuhi na kusalimia kila mtu kwa zamu, "Kamwene," na kungoja aitikiwe ndipo aende kwa mwingine, hata kama mzigo wa Iringa umechelewa na Mzee Mligo anarukaruka. Alikuwa anasema, "Mashine haina mdomo. Mdomo wake ni mimi."

Mimi nilitoka shule ya sekondari na jina la mzito. Nikiwa peke yangu na daftari, macho yanasoma, kichwa kimeshafika Kitulo kinatazama maua. Ukurasa ule ule naurudia mpaka karatasi inachakaa. Nilikuwa natingisha mguu, nauliza wenzangu, natoka nje, narudi. Walimu waliniambia tulia, jitenge, soma kimya. Nilijitenga kweli, na nilifeli nikiwa nimejitenga vizuri kabisa.

Lakini pale kwenye kigoda cha Mama Nyagawa sikupotea. Akiita, najibu. Nikijibu, mkono unajua uko wapi. Ndani ya mwaka mmoja nilikuwa nafuma sawa na waliotangulia, na Mzee Mligo akaona hapa nimepata mfumaji. Ndipo akaharibu.

"Wewe binti," akaniambia, "mikono yako ni myepesi ila mdomo haupumziki. Ukiwa peke yako utafuma mara mbili."

Akanihamishia stoo, mimi na mashine. Kimya. Mwanga mzuri. Hadi jiko la mkaa aliniwekea, mzee wa watu, nia yake haikuwa mbaya. Kulikuwa na oda ya shule moja ya upande wa Igwachanya, masweta ya kijani. Nikafuma. Jamani, nilifuma! Mikono inakwenda kama imepandwa na pepo. Vipande vinajaa pembeni, nami najisifu moyoni kwamba kumbe mzee ana akili.

Jioni ya siku ya pili Mama Nyagawa akaja kuchukua vipande akaviunganishe. Akainua kimoja. Akainua kingine. Akachambua lundo lote taratibu kama anayechagua mbegu za viazi. Kisha akaita wenzake.

"Njooni muone. Huku kuna migongo."

"Na vifua?" mmoja akauliza.

"Muulizeni mwenyewe. Labda watoto wa Igwachanya hawana vifua."

Migongo mitupu! Mgongo wa sweta ni barabara iliyonyooka. Unapanda mpaka juu unamaliza. Kifua kinataka ukumbuke katikati kugawa sindano upate shingo ya V. Nilipokuwa peke yangu, hakuna wa kuniuliza "huu ni mgongo au kifua?", kwa hiyo mkono ulichagua njia rahisi, ukaipenda, ukabaki huko huko siku mbili. Mzee Mligo alishika kichwa. "Sasa hawa watavaa namna gani? Watembee kinyumenyume?" Walicheka mpaka mmoja akalazimika kukaa chini. Hata leo nikikutana na waliokuwapo, hawanisalimii "habari za nyumbani," wananiuliza migongo haijambo.

Wenzangu wote waliacha walichokuwa wanafanya, wakafuma vifua vya migongo yangu, na mzigo ukaondoka. Mashine yangu ikarudi mezani. Mama Nyagawa akavuta kigoda chake mpaka pembeni yangu, akaketi, akasema neno moja tu: "Haya."

Hapo ndipo lilipo somo langu la kwanza, na mlishike. Kichwa cha namna yetu hakikosi nguvu. Kinakosa wa kukiuliza kiko wapi. Ukikifungia stoo hakilali; kinafuma migongo.

Sasa msikimbie mkakusanyane kumi na wawili mkasema mama Faraja ametutuma. Hiyo ni sherehe. Watatu wanatosha. Na kabla hujamkaribisha mtu, tazama mkono wake una nini. Mama Nyagawa hakuwahi kuniitia akiwa mikono mitupu. Alikuwa na shingo yake ya kushona, ikimshughulisha, mimi nikimsikia yuko kazini nami naingia kazini. Asiye na kazi mkononi anageuka mwangalizi, na mbele ya mwangalizi mtu haelewi chochote, anaona aibu tu. Rafiki yako wa kupiga naye soga anaweza asikufae hata kidogo kwenye hesabu. Huyo mpende, ila msomee mbalimbali.

Na kuitiana kwenyewe ni zamu. Nikifuma wewe ita, ukifuma mimi naita. Ndiyo maana wenye akili ya peke yao wananichekesha wanapolalamika kwamba diskasheni inawanufaisha wavivu. Anayeita ndiye anayelijua sweta zaidi, kwa sababu lazima alione lote kichwani kabla mfumaji hajafika. Mimi kugawa shingo nilikuelewa sawasawa siku niliyokalishwa kigodani kumwitia msichana mgeni. Ukitaka kujua kama umeelewa mmeng'enyo wa chakula, mweleze mwenzako mpaka akuulize swali lililokushinda. Hapo ndipo pa kurudi kitabuni, na utasoma kwa njaa.

Kuna mwenzetu mmoja pale karakana, Sarafina. Huyu alikuwa kinyume changu. Kelele za mashine zilimwumiza kweli kweli, alijifunga kilemba juu ya masikio, akakaa mwisho wa meza karibu na dirisha. Hakuitiwa, hakuita. Ukimgusa bega bila kumwambia anaruka. Mgeni angesema mpeni chumba chake huyu, ndicho anachotaka. Mzee Mligo naye alifikiri hivyo, akampa ile ile stoo baada ya mimi kutoka. Siku ya tatu tukamkuta kakaa, hafumi, machozi yanamtoka.

"Kuna nini, dada?"

"Siwaoni."

"Si hutaki tuongee na wewe?"

"Sitaki muongee na mimi. Nataka muwepo."

Nimelibeba neno hilo tangu siku ile. Kama katika kundi lenu yupo asiyependa kuulizwa kwa sauti, asiyependa kutazamwa machoni, msimfukuze na msimlazimishe awe mchangamfu. Mpeni mwisho wa meza. Akiwa na swali aandike kwenye karatasi asogeze. Kukaa pamoja si lazima kuwe maneno. Sarafina alikuwa akifuma mikono ya sweta inayolingana kuliko mtu yeyote aliyepita pale, na alifuma akituona.

Baadaye zikaja mashine mpya zenye kihesabio, kidude kinachosogeza tarakimu kila gari linapopita. Mzee Mligo akatangaza kuitiana kumekwisha, vigoda vitolewe nje. Wiki ile nilifuma mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake na kihesabio kikiwa mbele ya macho yangu, kinaonyesha sawa sawa kabisa! Maana kilinihesabia, hakikuniuliza. Vigoda vikarudi kimya kimya, kimoja kimoja, na mzee akajifanya hakuviona. Nyie mna simu zenu na masomo ya video, na ni mazuri, Faraja naye anatazama. Lakini tazameni wawili, mmoja ashike kidole juu ya kitufe cha kusimamisha, amuulize mwenzake: amesema nini hapo? Simu itaongea mpaka bando liishe bila kukuuliza kama upo.

Basi turudi kwenye ukuta wa Faraja, maana hapo ndipo nilipokutana na swali lililonishinda.

Nilimngoja Mwalimu Mwinuka, mwalimu wa darasa, mpaka mapumziko. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, nisiwadanganye. Yeye akanitolea kiti.

"Mama Faraja, najua unachotaka kusema."

"Hujui, mwalimu. Ungejua ungefunga mlango kwanza."

"Darasa langu umeliona lilivyojaa. Mwanao anatingisha dawati, anajibu kabla sijamaliza kuuliza, anawageukia wenzake. Nikimweka pale angalau wengine wanasoma."

"Na yeye anasoma?"

Akafuta chaki mikononi. Kisha akasema, polepole, bila kiburi, "Hasomi. Naona. Lakini nikuulize na wewe. Mtihani wa upimaji wa darasa la nne atakaa peke yake. Hakuna kugeuka, hakuna kuuliza. Asipofikisha, atarudia darasa, na hao marafiki wanaomsaidia watakwenda la tano wamwache. Siku hiyo nani atamwitia?"

Hilo neno la kuitiwa alilitoa kwangu mwenyewe, nilikuwa nimeshamsimulia karakana nikifoka. Akanirudishia. Akaniambia pia nimpeleke mtoto hospitali akaonwe, kwamba siku hizi wako wanaoelewa mambo ya watoto wa hivi, na hilo namshukuru. Daktari alimchezesha, akamsikiliza, akaniambia hali hii ina jina, si ugonjwa wa kuambukiza wala utundu, ni ubongo unaotaka mwendo na unaotaka watu ndipo ushike jambo. Shangazi wa mume wangu alikuwa ameshatoa dawa yake, "mchape, atatulia." Nilimwambia shangazi, mgongo wa mtoto hausomi.

Tukapatana na Mwalimu Mwinuka. Faraja atolewe ukutani, akae na Witness, binti wa jirani yangu, mtoto mpole anayependa kupanga vitu. Ikifika mitihani ya kujipima na bado daftari lina tarehe tupu, anarudi ukutani nami sifungui mdomo. Nilitoka pale nimeshinda, na bado nikawa na hasira kuliko nilivyoingia, kwa sababu lile swali lilikuwa la kweli. Atarudia darasa, na wenzake watamwacha. Ukimnyang'anya wenzake mtoto wa namna hii umemnyang'anya macho. Na chumba cha mtihani ni stoo. Ni stoo ya Mzee Mligo, yenye msimamizi ndani.

Nilifikiria hilo siku kadhaa nikipima uzi dukani. Jibu likanijia nikiwa nagombana na mteja juu ya rangi. Mbona mimi miaka ile ya mwisho nilikuwa nafuma hata kukiwa hakuna mtu? Jumamosi wengine wakienda shamba, nafungua karakana peke yangu, nafuma mgongo, nafuma kifua, sikosei. Nilipona lini?

Sikupona. Mama Nyagawa alihamisha kigoda.

Sikuwa nimeona wakati ule kwamba alifanya makusudi. Mwanzo alikaa pembeni, goti lake linagusa mguu wa meza yangu. Baada ya miezi akakaa ng'ambo ya meza. Bado anaita. Kisha akasogea mlangoni, kwenye jua, akasema macho yake yanataka mwanga, anaita mara chache, "Kwapa!" na kunyamaza. Kisha nje kabisa, naona kivuli chake tu. Siku moja nikafuma kifua kizima, nikajibu "nimegawa!" kwa sauti, na hakuna aliyekuwa ameita. Alikuwa amekwenda sokoni kununua dagaa. Niliporudisha kumbukumbu hiyo pale dukani nilimwacha mteja na rangi yake.

Kwa hiyo barazani kwangu tukaanza hivi. Faraja, Witness na Rehema, binti wa fundi cherehani wa mtaa wetu. Jioni jua likiwa bado lipo, baada ya kazi za nyumbani. Witness amekaa kigodani anamenya viazi, ana kitabu magotini. Faraja hakai, nimemwachia asimame, nikampa uzi auviringe uwe mpira, maana mikono ikiwa na kazi mdomo wake haurukiruki.

"Mito inayoingia ziwani ni ipi?"

"Ziwa lipi?"

"Umesikia mwenyewe sijataja. Vizuri. Nyasa."

"Ruhuhu!"

"Mmoja tu? Umefuma mgongo, lete na kifua."

Hayo ya mgongo na kifua waliyatoa kwangu, sasa ni matusi yao. Mtoto akijibu nusu, wanamwambia umefuma mgongo. Kisha wanabadilishana, Faraja anaketi kigodani anamenya viazi anaita, na hapo ndipo anapong'aa, anatunga maswali mwalimu mwenyewe angeogopa. Wakimaliza somo dogo, sema kama urefu wa mkono mmoja wa sweta, wanaruka kamba mpaka wanahema, wanarudi. Kusoma hakuhitaji matako yawe na mizizi.

Kuandika ndiko kulikokuwa kugumu. Akisema anajua, akiandika kalamu inalala. Tukafanya hivi: anasema jibu kwa sauti, Witness analirudia, ndipo analiandika akilinong'ona. Akizoea, anasema mwenyewe na kuandika. Akizoea zaidi, midomo inacheza bila sauti.

Ndipo nikaanza kuhamisha kigoda. Na nilikosea, nikahamisha haraka. Nilimtoa Witness barazani nikampeleka bombani siku moja, nikamwachia Faraja karatasi ya maswali. Niliporudi, karatasi iko chini ya jiwe, mtoto yuko nyuma ya nyumba anafukuza kuku wa watu. Nilipiga kelele, mimi huyu huyu ninayewafundisha. Witness ndiye aliyeniambia, na adabu zake zote, "Mama Faraja, tumekwenda mbali. Nirudi kwenye ngazi za baraza?"

Akarudi kwenye ngazi. Kigoda kikirudi si aibu, nanyi mkumbuke hilo. Wiki hii unaweza kusoma peke yako nusu ya ukurasa, wiki ijayo baridi imekukamata, umegombana na mama, unataka mtu goti kwa goti. Mwite arudi. Anayejua kuhama anajua na kurudi.

Kutoka pembeni hadi ng'ambo ya meza. Hadi ngazi. Hadi bombani, anainua mkono tu kumwonyesha yupo. Hadi nyuma ya ua, haonekani ila anaimba. Mitihani ya kujipima ilipofika, Mwalimu Mwinuka alinipigia simu, nikaketi chini kabla ya kupokea.

"Mama Faraja, ameandika."

"Ameandika nini?"

"Mengine sahihi, mengine ya ajabu. Lakini ameandika mpaka mwisho wa karatasi. Ila midomo inacheza. Wasimamizi watakuja wa shule nyingine, wasije wakadhani anamwambia mwenzake."

Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda mapema siku ya upimaji kuwaeleza wasimamizi kwamba yuko mtoto anayenong'ona na hamwongeleshi mtu, akaomba apewe dawati la mbele, pembeni. Nimewaambia nilitaka kumtukana mwalimu huyu. Mkiwa na mwalimu anayeuliza swali gumu na kungoja jibu, msimkimbie. Na nyie mlio kidato cha pili, msisubiri mama zenu wagombane. Nendeni wenyewe, wawili, mseme: mwalimu, sisi tunaelewa tukiulizana, tunaomba kona moja ya darasa baada ya vipindi. Akikataa ombeni tena. Wazee wetu viazi wanalimiana kwa zamu, leo shambani kwako, kesho kwangu, na sijasikia shamba lililolimwa na majembe kumi likaitwa la wizi. Kwa nini somo lililosomwa na watatu liitwe uvivu?

Siku ya upimaji nilimsindikiza mpaka getini. Nilibaki ng'ambo ya barabara nikiwa na mtoto mgongoni na sindano za mkono, nafuma soksi, bega linauma, na siwezi kuwaambia ile soksi ilitoka na umbo gani. Kwa mbali naona dirisha la darasa. Sioni ndani. Nilitaka kupaza sauti, "Umefika kwapa?" Nikajiuma midomo.

Alitoka na wenzake, sweta amelifunga kiunoni. Sikumuuliza amejibu mangapi. Nilimuuliza, "Ulikuwa na nani humo?"

"Peke yangu."

Nikageuza uso, nikajifanya namweka sawa mdogo wake mgongoni. Akaona, akacheka kile kicheko chake cha kunidharau.

"Mwanzo Witness nilimweka pale pale pembeni, mama. Halafu nikamwambia nenda dirishani. Halafu akaenda bombani. Kwenye hesabu nikampoteza, nikamrudisha kwenye ngazi. Tukamaliza."

Witness mwenyewe alikuwa nyuma yetu, anakula andazi. "Mimi sikwenda popote," akasema. "Mimi nilikuwa na karatasi yangu."

Matokeo yalipotoka, jina lake lilikuwemo kati ya wanaokwenda la tano. Siyo juu. Katikati, amebanwa na wengine huku na huku, pale anapopapenda. Na lile dawati la ukutani Mwalimu Mwinuka amelitoa nje, wanaweka ndoo ya maji ya kunawa.

Mama Nyagawa nilimpigia nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akacheka, akauliza jambo moja tu. "Na huyo Witness, nani anamwitia yeye?"

Faraja, nikamjibu. Ni zamu.

Haya, nimesema. Njooni Jumatano, baraza lipo. Kila mtu aje na kigoda chake, na kazi ya mkononi. Viazi vya kumenya nitatoa mimi.